Nesi Ajibu: Mofini, mfungo wa Ramadhan, na nesi anayetaka kusomea hospisi

Tangu tuandike kuhusu kansa ya matiti maswali yamekuwa mengi, na karibu yote yanazunguka jambo moja: maumivu. Nimechagua saba, mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yanastahili, mengine kwa ufupi tu. Majina ya walioandika tumeyaacha.

*Assalam aleikum dada nesi. Mamangu ana kansa ya titi na sasa imeingia kwa mifupa. Kemo tumemaliza pale Makadara, daktari akatuandikia twende hospisi na aanze mofini. Kaka zangu wamekataa, wanasema hospisi ni ya watu waliokatiwa tamaa na mofini ni ule ule unga unaowaharibu vijana wetu huku mtaani. Mama analia usiku kucha, nifanye nini? – Binti, Likoni*

Wa aleikum salaam mwanangu, na pole sana, najua mgonjwa wa maumivu hakeshi peke yake, nyumba nzima inakesha. Nianze na la haraka. Mpeleke mama kesho asubuhi, msingoje kikao cha ukoo. Mtu mwenye kansa ya mifupa anayelia usiku kucha hiyo ni dharura na inatibika, na kila usiku mnaongeza ni mateso ambayo hayana faida yoyote kwake.

Sasa tuje kwa hospisi. Coast Hospice iko pale pale ndani ya uwanja wa Coast General, hiyo hiyo Makadara mliyotibiwa, yaani hamtoki mbali na mnapopazoea, na hospisi nyingi za hapa Kenya hazina hata vitanda vya kulaza mtu, unakuja mchana unaonwa, unapewa dawa, familia inafundishwa, kisha unarudi nyumbani kwako, na wakati mwengine wahudumu ndio wanaokuja kwako. Kwa hivyo hakuna mtu anampeleka mama mahali akafe. Waambie kaka zako pia hivi: kuna utafiti ulifanywa Boston, Marekani, ukachapishwa mwaka 2010, wagonjwa wa kansa ya mapafu wakagawanywa makundi mawili, wengine wakapata matibabu ya kawaida, wengine wakapata matibabu hayo hayo pamoja na tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa, tangu mwanzo mwanzo. Wale wa kundi la pili walikuwa na huzuni kidogo, walikuwa na maisha mazuri zaidi, na waliishi karibu miezi mitatu zaidi ya wenzao. Sasa huko ni kukatiwa tamaa kweli?

Na mofini. Ndugu zako wana haki ya kuogopa, mtu aliyekulia Mombasa ameona kwa macho yake unga ulivyofanya watoto wa watu, na ni kweli heroini hutengenezwa kutokana na mofini, siwezi kukudanganya. Lakini tazama vile zinavyotumika. Teja anajidunga kiasi kikubwa kwa mshipa ili dawa imfike kichwani mara moja, na kesho atahitaji zaidi. Mama atakunywa dawa ya maji, kiasi kidogo kilichopimwa, kila baada ya saa nne, iwe maumivu yamekuja ama hayajaja, manake lengo ni yasipate nafasi ya kurudi. Mgonjwa wa hivyo halewi, anapata usingizi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi na watu wakimwona amelala wanadhani dawa imemlewesha kumbe ni uchovu wa kukesha unamalizika. Mwili huizoea dawa, ndiyo, kwa hivyo msiikate ghafla bila daktari, lakini maumivu yakipungua kwa njia nyengine dozi inateremshwa pole pole mpaka inaachwa. Na hapo nikukumbushe kitu, muulize daktari kuhusu mionzi ya mifupa, mara nyingi mgonjwa anapigwa mara moja tu kwa ajili ya maumivu na inasaidia sana.

Madhara yake ni haya. Siku chache za mwanzo anaweza kusikia kichefuchefu na kusinzia, yanaondoka. Choo kigumu hakiondoki, kitakuwepo muda wote anaotumia mofini, kwa hivyo hakikisha mnatoka na dawa ya kulainisha choo siku ile ile, mkisahaulishwa muulize nesi msiondoke. Dozi ya kulala wengi huandikiwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe saa nane usiku kunywa dawa, fuateni vile mtakavyoandikiwa. Akisinzia mpaka hamuamshi, au pumzi zikawa chache sana, huyo anarudi hospitali hapo hapo. Chupa mtaifungia mbali na watoto, na haigawanywi kwa jirani anayeumwa na mgongo.

Mtasikia huko hospisi wanamuuliza mama mambo mengi yasiyohusu titi, nani anampikia, anaogopa nini, ana deni na nani, anaswali vipi. Msione wanapoteza wakati. Mwanamke aliyeanzisha hospisi ya kisasa, Cicely Saunders, alisomea unesi kwanza, akawa afisa wa ustawi wa hospitali, mwisho akawa daktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's kule London. Yeye ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa kansa yana pande nne, mwili, nafsi, jamaa na imani, na ukitibu upande mmoja ukaacha mitatu dawa itaonekana haifanyi kazi. Nimeona mgonjwa akiongezewa dozi kila wiki na kilichokuwa kinamuuma ni mwanawe waliyegombana akiwa Lamu hataki kuja. Kijana alipokuja, dozi ilitulia.

*Shikamoo bi nesi. Babangu ana miaka 71, kansa ya tezi dume, anatumia mofini ya maji kila saa nne na imemsaidia sana alhamdulillahi. Ramadhan ikikaribia anasema lazima afunge, mwaka jana alificha dawa akafunga siku mbili tukamkuta amejikunja kitandani. Tumwambie nini? – Kijana, Kisauni*

Marahaba mwanangu. Swali hili nalipata kila mwaka na nashukuru umeuliza mapema kabla ya mwezi kuingia.

Kwanza upande wa dini, ambao si kazi yangu lakini nausema kwa sababu uko wazi: Qur'an yenyewe katika sura ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na asiyetarajia kupona kuna fidya ya kulisha maskini. Baba mtu mzima hayo anayajua kuliko mimi. Kinachomsumbua si kutojua, ni kwamba amefunga maisha yake yote na anaona kula mchana mbele ya wajukuu ni aibu, na pengine anahisi hii ndiyo Ramadhan yake ya mwisho. Kwa hivyo msimjibu kwa hukumu. Mleteni imamu wake wa msikiti, yule anayemheshimu, akae naye wazungumze, sio nyinyi watoto mnamsomea aya.

Upande wa dawa, kuna njia. Mofini ya maji inaisha nguvu ndani ya saa nne hivi, kwa hivyo mtu akila daku saa kumi usiku, ikifika saa mbili asubuhi maumivu yako mlangoni, ndicho kilichomkuta mwaka jana. Lakini ziko tembe za mofini zinazoachilia dawa pole pole na zinanywewa kila baada ya saa kumi na mbili, moja kwa daku na moja kwa futari. Huku kwetu mchana na usiku vinakaribiana urefu mwaka mzima, tofauti na Ulaya, kwa hivyo hesabu ya saa kumi na mbili inakaa vizuri. Daktari ndiye atajumlisha mofini anayokunywa kwa siku nzima na kuigawanya mara mbili, msijaribu wenyewe nyumbani. Tembe hizo hazitafunwi wala hazisagwi, ukisaga dawa ya saa kumi na mbili inaingia kwa mpigo mmoja na hiyo ni hatari. Na lazima figo zipimwe kabla, manake mzee anayekaa mchana kutwa bila maji na joto hili la Mombasa figo zinaweza kulegea, na figo zikilegea mofini inajaa mwilini.

Nendeni wiki mbili tatu kabla ya mwezi kuandama, mjaribu tembe kabla ya kufunga, muone zinamkaa vipi. Daktari akisema haiwezekani basi haiwezekani, lakini angalau baba atajua amesikilizwa.

*Dada yangu ana kidonda cha titi kimefunguka, harufu imekuwa kali mpaka majirani hawaji tena na yeye mwenyewe amehamia chumba cha nyuma hataki kula na watu. Tumepaka majani, tumepaka asali, tumepaka dawa ya mganga. – Mama, Changamwe*

Mama, ahsante kwa kuandika, manake hili watu wengi wanalificha na wagonjwa wanakufa na upweke kabla ya kansa.

Harufu inatoka kwa bakteria wanaokula nyama iliyokufa kwenye kidonda, na bakteria hao wana dawa rahisi sana, metronidazoli, ile wengi mnaijua kama Flagyl. Tembe zinasagwa ziwe unga laini na kunyunyizwa kwenye kidonda kila siku kinapooshwa, hiyo ni kazi ya kila siku ya manesi wa hospisi na inapunguza harufu ndani ya siku chache. Fikeni mfundishwe kiasi na namna, mfunzwe mara moja mtaendelea wenyewe nyumbani.

Kuosha kwenyewe: chemsha maji, weka chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, yaache yapoe. Mpe dawa yake ya maumivu nusu saa kabla hamjaanza. Bandeji ya jana msiivute kavu, iloweni kwanza na hayo maji mpaka iachie yenyewe, kwa sababu ukiivuta inatoka na nyama na damu inaanza. Mwagia kidonda maji, usisugue. Kisha unga wa dawa, kisha gozi iliyopakwa vaselini ili kesho isigande, halafu juu yake kitambaa kinene cha kunyonya majimaji. Damu ikianza, bonyeza kwa kitambaa safi dakika kumi au kumi na tano bila kuchungulia, na kitambaa kiwe cha rangi nzito, nyekundu au nyeusi, damu kwenye shuka jeupe inamtisha mgonjwa zaidi ya ilivyo. Isipokatika, hospitali.

Majani na dawa za mganga acheni, zinachoma na zinaingiza uchafu. Udi na ubani fukizeni chumbani kwa raha yenu, si kidondani. Na bakuli la makaa chini ya kitanda linanyonya harufu kidogo, hilo halina ubaya.

Lakini nataka umtoe huyo dada chumba cha nyuma. Siku harufu ikipungua, weka mkeka sebuleni, mwite shoga yake mmoja tu, mnywe chai pamoja.

*Mimi ni nesi wa diploma, mwaka wa tatu kazini, wodi ya wanawake. Wagonjwa wa kansa wanalazwa kwetu na sisi hatuna hata mmoja aliyesomea. Nataka kusoma onkolojia, yaani tiba ya kansa, ama tiba shufaa lakini wenzangu wanasema ni kupoteza wakati, hakuna marupurupu. Nianzie wapi? – Nesi, Bamburi*

Barua yako nimeisoma mara mbili nikaenda nikapika nikarudi nikaisoma tena, kwa sababu huu mji unakuhitaji wewe kuliko unavyojua.

Kwanza jua hizo ni njia mbili zinazopakana. Nesi wa onkolojia kazi yake kubwa ni matibabu yenyewe: anahakikisha dozi ya kemo inalingana na uzito na urefu wa mgonjwa, anaangalia damu kabla ya kuning'iniza dripu, anachagua mshipa. Ile kemo nyekundu, doksorubisini, ikivuja nje ya mshipa inachoma nyama mpaka mtu anaweza kuhitaji upasuaji, kwa hivyo nesi anayeijua anakaa karibu na anaona uvimbe dakika ya kwanza. Anajua pia kujilinda yeye mwenyewe, glavu, gauni, namna ya kusafisha dawa ikimwagika, na anawafundisha jamaa wavae glavu wanaposhika mkojo na matapishi ya mgonjwa saa 48 za mwanzo baada ya kemo. Nesi wa tiba shufaa yeye anashika maumivu, kichefuchefu, pumzi, kidonda, mazungumzo magumu, familia, na anaanza siku ile mtu anapoambiwa ana kansa, hangojei mwisho. Wewe kwa vile ulivyoandika naona moyo wako uko huku kwa pili lakini usinisikilize mimi, kajionee.

Hapa Kenya njia imefunguka sana ukilinganisha na zamani. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na baadaye ikashirikiana na chuo cha Oxford Brookes cha Uingereza kufundisha diploma ya tiba shufaa, manesi wengi unaowaona wakuu wa hospisi leo walipita pale. Siku hizi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kina diploma ya juu ya tiba shufaa na ya onkolojia kwa manesi waliokwisha kusajiliwa, kwa hivyo hujachelewa wala hujawahi mno, nenda kampasi ya Mombasa uulize ni tawi gani linalofundisha mwaka huu na wanataka uzoefu wa miaka mingapi. Ukishapata digrii, Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya uzamili ya unesi wa onkolojia. Na jirani zetu Uganda wametutangulia, Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993 ina taasisi yake ya kufundisha inayopokea watu kutoka Afrika nzima.

Uganda nawataja kwa sababu nyengine pia. Mwaka 2004 walibadilisha sheria wakaruhusu nesi na kliniki ofisa aliyesomea tiba shufaa aandike mofini mwenyewe. Fikiria hiyo maana yake kijijini, mahali daktari anakuja mara moja kwa wiki ama haji kabisa. Natamani kwa moyo wangu wote mlango huo ufunguliwe na huku kwetu, kwa mafunzo na kwa leseni na kwa ukaguzi mkali, manake nesi ndiye yuko na mgonjwa saa tisa za usiku.

Kuhusu marupurupu sitakupaka mafuta. Kusoma peke yake hakukupandishi cheo, na kuna jambo linaniuma zaidi ya mshahara: nesi anasoma mwaka mzima, anarudi kazini, mwezi wa pili anahamishwa anapelekwa uzazi ama majeruhi kwa sababu kuna upungufu, na yale aliyosoma yanalala. Nimeyaona kwa wenzangu, hospitali sitaitaja. Kwa hivyo kabla hujaenda masomoni zungumza na meneja wa manesi wako, na ukiweza pata barua kwamba ukirudi utakaa kwenye kliniki ya kansa. Isipowezekana soma tu, lakini nenda ukijua.

Na usingoje chuo kukuita. Siku yako ya mapumziko moja kwa mwezi omba hospisi wakuruhusu uende nao, uone wanavyoongea na mgonjwa, hilo halifundishwi na kitabu. Mikutano ya mtandaoni ya mtindo wa ECHO, ambapo wahudumu wa sehemu mbalimbali wanaleta kesi zao na wabobezi wanashauri, inapatikana kwa simu yako tu, na ukihudhuria mafunzo yanayotambuliwa na Baraza la Manesi unaweza kuhesabiwa pointi za CPD, yaani za kuendelea kujifunza kazini, ambazo hata hivyo unazihitaji kuhuisha leseni. Wodini kwenu anza na jambo moja dogo, kila ukipima presha muulize mgonjwa maumivu yake ni ngapi kati ya sifuri na kumi, uandike kwenye chati, kila zamu. Daktari akipita raundi akiona nane, nane, tisa imeandikwa siku tatu mfululizo hawezi kupita kimya. Mwaka 2010 Human Rights Watch walipochunguza Kenya walikuta mofini ya kunywa kwenye hospitali saba tu za umma kati ya 250 hivi, na hali ilipoanza kubadilika ni kwa sababu kulikuwa na watu wodini waliokuwa wanaandika na kudai. Shirika la Afya Duniani linasema hadi leo katika watu wote duniani wanaohitaji tiba shufaa ni kama asilimia 14 tu wanaoipata. Wewe ukisoma utakuwa mtu mmoja, kweli, lakini nesi mmoja kwa mwaka anashika wagonjwa mamia, na anafundisha wanafunzi wa KMTC wanaopita wodini kwake.

*Mume wangu alipata kemo wiki iliyopita, jana usiku joto limepanda 38.4, nimpe panadol nisubiri kliniki ya Jumatano? – Mtwapa*

Usisubiri. Nimekutumia jibu hili kwa simu siku ile ile nilipopata swali lako lakini naliweka hapa kwa wengine. Baada ya kemo chembe nyeupe za damu hushuka, mara nyingi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na mwili hauna askari. Joto likifika 38 ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane, mwambie wa kwanza kukupokea "huyu yuko kwenye kemo", apimwe damu aanzishiwe antibiotiki za mshipa. Panadol inaficha joto na kukupotezea saa. Nunueni kipimajoto kikae nyumbani, si ghali.

*Mzee wetu amepatikana na kansa ya koo la chakula, haijui hali yake. Ndugu wote tumekubaliana asiambiwe, tumemwambia daktari pia. Lakini nesi mmoja ametukasirikia. Je, tunakosea? – Familia, Mji wa Kale*

Sidhani kama yule nesi amekasirika, nadhani amebanwa. Mzee akimuuliza "mwanangu, nina nini?" yeye afanyeje, amdanganye?

Nawaelewa, mnamlinda. Lakini kwa kawaida mgonjwa wa koo anajua. Anaona chakula hakipiti, anaona anakonda, anaona mazungumzo yanakatika akiingia chumbani. Mkimficha anabaki na hofu yake peke yake na hana wa kumuuliza. Na kuna mambo ya mtu mzima ambayo anahitaji muda kuyapanga, wasia, deni, nyumba ya ukoo, kusameheana, hija ya mtoto aliyoahidi, hayo mkimnyima nafasi hayarudi.

Manesi waliosomea hili wana njia yao na haianzi kwa kumwaga habari. Wanamuuliza kwanza: "Mzee, wewe unaonaje hali yako? Ungependa kujua kila kitu, au tuzungumze na mwanao?" Akisema "zungumzeni na mwanangu", hiyo ni haki yake na imekwisha. Akisema anataka kujua, anaambiwa kidogo kidogo, kwa lugha yake, ameketi, na mtu anayempenda amemshika mkono. Ombeni nesi na daktari wakae nanyi kabla ya hapo, muulize wasiwasi wenu wote. Na yule atakayekuwepo siku hiyo awe mmoja anayeweza kunyamaza, msijae chumbani watu tisa.

Chakula kisipopita msimlazimishe ugali. Uji mwepesi, madafu, supu iliyochujwa, kidogo kidogo akiwa ameketi wima, na muulize kuhusu kuwekewa mpira wa kupanua koo, unawasaidia wengi waweze kumeza tena.

*Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii Mikindani, tulipewa mikoba mwaka 2023 yenye mashine ya presha na sukari, lakini kansa hatukufundishwa sana. Kwenye nyumba zangu kuna wagonjwa watatu. Naogopa kuingia kwa sababu sina dawa. – CHP, Mikindani*

Ingia. Tafadhali ingia, nakuomba.

Huna dawa lakini una miguu na una simu, na wengi wa hao watatu wamekaa wiki nzima bila mtu kuwauliza chochote. Uliza mambo manne kila ukiingia: maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, umelala usiku, umepata choo lini, dawa imebaki ya siku ngapi. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote manake mofini ikiisha Ijumaa jioni mgonjwa anaumia mpaka Jumatatu, na wewe ukiiona Jumatano unapiga simu mapema.

Mfundishe anayemlea kumgeuza asiyeweza kuinuka kila saa mbili, na kumtazama mgongo, makalio na visigino kama ngozi imeanza kuwa nyekundu au nyeusi. Mdomo usafishwe kwa maji yenye chumvi kidogo mara nne kwa siku, mdomo mkavu unauma sana na watu wanausahau.

Halafu kuna mambo ukiyaona usingoje ripoti ya mwezi, unapiga simu saa hiyo: joto kwa aliye kwenye kemo kama nilivyosema juu, damu isiyokatika, mgonjwa asiyeamka, na mgonjwa wa kansa ambaye ghafla miguu imekosa nguvu au mkojo umemkatika ama unamtoka bila kujua. Hilo la miguu watu hudhani ni udhaifu wa kawaida, mara nyingi ni uti wa mgongo umebanwa na akifika hospitali siku hiyo anaweza kuokoa miguu yake, akifika wiki ijayo hapana.

Uliza pia kama nyumba imesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, na michango inaendelea. Fedha za kansa zina kikomo kwa familia kwa mwaka, kwa hivyo wajue mapema kilichobaki kabla ya kupangiwa kemo nyengine, wasije wakakijulia dirishani.

Na kwa wewe mwenyewe, mwombe afisa wenu wa afya ya jamii awaombee siku moja ya mafunzo na hospisi, wote wa Mikindani pamoja. Andikeni barua, mtie sahihi wengi, mtaje idadi ya wagonjwa mlio nao kwenye nyumba zenu. Mkikwama niandikieni tena kupitia gazeti hili nami nitaifuatilia pamoja nanyi.